Mtoto kazaliwa wiki ya 30, figo zake zitakamilika?

BintiKisauni
Asalaam aleikum jamani. Mdogo wangu kajifungua mimba ikiwa wiki ya 30. Mtoto katoka wodini juzi, ananyonya vizuri alhamdulillahi. Daktari alisema figo zake hazikumaliza kujengwa tumboni. Tangu hapo mamake halali, kila nepi aipima mkononi kama ina mkojo. Na mama yetu ashachemsha majani ampe "asafishike figo". Zitakamilika? Na mama tumwambieje?

MuuguziLikoni
Waaleikum salaam dada. Majani msimpe hata tone. Ni maziwa ya mamake na dawa alizoandikiwa, basi.

Tumboni mtoto hupata figo jozi tatu kwa zamu. Mbili za mwanzo hunywea. Ya tatu, anayozaliwa nayo, huanza wiki ya 5 tangu mimba kutungwa: mrija mdogo huchipua, ukaingia kwenye bonge la seli na kugawika matawi kama mwembe. Kwenye kila ncha seli hujikusanya, zikajipinda mfano wa alama ya mkato, halafu herufi S. Upande mmoja huungana na mrija wa mkojo, mwingine hupokea vishipa vya damu. Hapo pana nefroni moja, chujio kamili. Figo moja huwa nazo kama 1,000,000, ingawa kuna watu wenye 200,000 tu na wengine hupita 2,000,000.

Zaidi ya nusu hujengwa miezi mitatu ya mwisho, hadi karibu wiki ya 36 ya mimba. Njiti huendelea kujenga wiki chache akishazaliwa, kisha hapati mpya tena.

BabaWawili
Muuguzi, wamtia mwenzio kiwewe! Njiti wangapi tunao mitaani wanacheza mpira?

MuuguziLikoni
Kweli ndugu yangu, wengi hukua salama. Nefroni chache hutanuka zikabeba kazi yote. Lakini mzigo huo ukienda miaka, presha huweza kupanda. Mtafiti wa figo Brenner na wenzake waliliandika hilo mwaka 1988. Kwa hiyo apimwe presha kliniki hata akiwa mkubwa. Na ibuprofeni, ile dawa ya maumivu na homa, msimnunulie wenyewe dukani, hubana damu iendayo kwenye figo. Nepi zikilowa mara 6 au zaidi kwa siku, mamake alale. Zikipungua, au mtoto akivimba, hospitali moja kwa moja.

BintiKisauni
Shukran sana. Mama nimemsomea, majani kayamwaga. Ila auliza, na joto hili la Mombasa, maji ya kunywa je?

MuuguziLikoni
Maji pia bado, mpaka miezi 6. Joto likizidi anyonyeshwe mara nyingi zaidi, usiku na mchana.