Mwanangu ana usonji na hataki kabisa kunyolewa, shule wameniandikia barua. Naombeni ushauri

Mama wa Nyegezi: Wakuu, habari za jioni. Mwanangu ana miaka sita, yuko kitengo cha usonji, haongei ila anaelewa karibu kila kitu. Kula na kulala tunakwenda vizuri. Shida ni nywele. Mashine ikiwashwa tu anajipiga, anang'ata, anatapika. Mara ya mwisho tulimshika watu wazima kibao tukapata nusu kichwa, kinyozi akasema mama nenda naye tu. Sasa shule wanataka kipara kama wenzake. Mama mkwe anasema anyolewe akiwa amelala, na mume wangu anaona ni sawa. Nyie mnafanyaje?

Kigogo Flani: Wamama wa siku hizi mnadekeza. Fimbo mbili tu anakaa.

Baba Pacha: Mkuu, pita tu. Mtoto sauti inamuumiza masikio, halafu umuongezee na fimbo?

Dada, usingizini usithubutu. Jirani yangu alifanya hivyo, mtoto akashtuka katikati, ikawa sasa anaogopa mashine na kitanda pia. Wangu tulimpa mashine ikiwa imezimwa, akaichezea kama gari. Baadaye nikawa naiwasha chumba cha pili, mlango umefungwa, huku anakula karanga. Kisha mlango wazi. Kisha namgusisha begani ikitetema, bila kunyoa chochote. Inachukua miezi, sikudanganyi.

Kinyozi wa Mabatini: Mnisikilize na mimi wa upande wa pili wa kiti. Mlete asubuhi, wateja hawajaja na redio imezimwa. Lile shuka la shingoni liachwe, wapo linaowakera kuliko hata mashine. Mashine isiyopakwa mafuta inapata moto na kuvuta nywele, kwa hiyo muulize kinyozi wako bila aibu. Spiriti asimpake, inawasha. Ikishindikana, mkasi na kitana. Hakitakuwa kipara ila atapendeza.

Ukweli Mchungu: Mnahangaika bure, chanjo ndiyo inawaharibu hawa watoto. Kuna daktari wa Uingereza alishasema.

Nesi Mstaafu: Huyo ni Andrew Wakefield. Andiko lake la 1998 lililohusisha chanjo ya surua na usonji, jarida la kitabibu la Lancet lililolichapisha lenyewe lililifuta mwaka 2010, na mwaka huohuo yeye akaondolewa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Kwetu chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na 18. Ni umri uleule ambao wazazi wengi wanaanza kuona mtoto haitiki jina lake, ndipo watu wanaunganisha mambo.

Turudi kwenye nywele. Mama, barua hiyo usiimalize kwa simu. Mchukue mwalimu wa kitengo mwingie wote kwa mwalimu mkuu, maana yeye anamwona mtoto kila siku na maneno yake yatakuwa na uzito. Ombeni nywele fupi za mkasi zikubaliwe kwa sasa. Shule inachohofia ni chawa na mapunye, na nywele fupi zinazooshwa hazina tatizo.

Mama wa Nyegezi: Asanteni sana. Jumatatu naenda na mwalimu wake. Mashine nimeshampa, kailaza kwenye mto. Sasa mama mkwe nimwambieje? Keshanunua wembe.

Baba Pacha: Huyo mpe kazi ya kumenya karanga.