Geji ya presha ya oili kwenye pikipiki ya zamani: ya bomba, ya umeme, au nibaki na taa?

ThrotoTaratibu
Wakuu salaam. Nina Honda CB750 ya 1976, ile ya silinda nne yenye kemshafti moja juu, oili inakaa kwenye tangi la pembeni sio chini ya injini. Ninayo mwaka wa sita huu na chini sijawahi kuifungua. Wiki mbili hizi taa ya oili imeanza kupepesa nikisimama baada ya safari ndefu, injini ya moto, iko sailensa (inazunguka taratibu bila kupewa mafuta), nikigusa mafuta kidogo tu inazima. Asubuhi ikiwa baridi haipepesi kabisa. Hii taa inanikosesha raha maana inajua maneno mawili tu, ipo na haipo, mimi sijui kama presha ninayo ya kutosha au niko ukingoni, kwa hiyo nimeamua nifunge geji. Hadi sasa nimeona njia nne: geji ya mekaniki ya kufunga palepale kwenye injini, geji ya mekaniki yenye bomba linalopanda mpaka kwenye usukani, ya umeme yenye sensa, au niweke tu swichi mpya ya taa niachane na hayo mengine. Mliowahi kufunga, ipi imekaa miaka bila kuwasumbua?

MzeeKabureta
Mkuu, kabla hujanunua chochote pima kwanza. Azima geji ya gereji, ile yenye hosi na adapta zake, toa swichi ya taa, funga geji hapo, tembeza pikipiki mpaka oili ipate moto kisawasawa ndio usome. Ukisoma ikiwa baridi unajidanganya, oili ya baridi ni nzito, presha inapanda yenyewe mpaka vali ya kupunguza presha inafunguka, hata injini iliyochoka inaonekana kijana asubuhi.

Hafu elewa hiyo taa inafanyaje kazi. Swichi nyingi zinawasha taa presha ikishuka chini ya bar 0.2 hadi 0.5 hivi. Kranki ya CB750 inakaa kwenye beringi za metali, vile vipande laini ambavyo havishikani na kranki kabisa, kranki inaelea juu ya utando wa oili. Ukiwa kasi ya 100 na taa ikawaka, utando umeshaondoka, hapo unazima injini na kusukuma, hakuna cha "nifike tu pale mbele". Ndio maana geji ina faida kwenye injini kama yako, inakuonyesha presha ikipungua mwezi hadi mwezi kabla taa haijasema neno.

Kupepesa ikiwa sailensa tu kuna sababu nyingi na si zote mbaya. Angalia sailensa isiwe chini mno. Chomoa kijiti cha oili unuse, ikinuka petroli ujue koki ya tangi au floti ya kabureta inapitisha na oili imekuwa nyepesi kama maji. Na swichi zenyewe zinazeeka, zinaanza kuwasha taa mapema.

DadaSpana
Naongezea kwa Mzee, mi nimepita ile njia ya kwanza, ya geji palepale kwenye injini. Nilianza na kageji kadogo ka mekaniki, uso wa inchi moja na nusu, kamejazwa gliserini, nikakafunga kwenye tii ya shaba (kiungo cha njia tatu) ili swichi ya taa ibaki. Kalikuwa kazuri kwa macho, ila kalikuwa na kasoro mbili. Kwanza ukiwa umekaa hukaoni mpaka uinamishe kichwa pembeni ya goti, kwenye foleni sawa, ukiwa mwendo husomi kitu. La pili ndilo lililoniuma. Silinda nne zinatetema mtetemo mdogo mdogo usioisha, na ile tii imebeba geji huku na swichi kule kama mtu aliyebeba ndoo mbili kwa mkono mmoja. Baada ya kama miezi minane nikaona buti la kushoto linang'aa. Nikafikiri ni gasketi. Nikapangusa, nikawasha, nikamulika na tochi: pale shingo ya tii inapoingia kwenye injini kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele umezunguka nusu, na kila nikigusa mafuta oili inatoka pale kama jasho hafu inakuwa uzi. Ningeendelea siku mbili ingekatika, na oili yote inaishia kwenye tairi la nyuma.

Kwa hiyo msimamo wangu: kitu chochote kizito kisining'inie kwenye injini. Geji, sensa, tii, vyote vifungwe kwenye fremu kwa bamba, na kati yake na injini ipite hosi fupi inayopinda. Adapta inayoingia kwenye injini iwe ya chuma sio shaba.

ThrotoTaratibu
Dada hiyo ya ndoo mbili imeniingia, mi nilikuwa nimeshaweka jicho kwenye tii ya shaba kabisa. Sasa hosi gani? Nina hosi ya breki ya zamani nzuri tu, inafaa?

DadaSpana
Usithubutu. Hosi za breki za mpira wa kawaida zimetengenezwa kwa maji ya breki, mpira wake ukikutana na oili ya injini unavimba unalainika mpaka unapasuka. Ile yenye utumbo wa teflon na wavu wa chuma cha pua nje ndio inafaa, hata kama imeuzwa kama ya breki, teflon haina ugomvi na oili. Na ule mrija mwembamba wa plastiki unaokuja ndani ya boksi la geji usiukaribishe kwenye pikipiki ya injini ya wazi, ukigusa ekzosi mara moja basi.

Kitu kingine, tafuta adapta yenye tundu dogo sana ndani. Geji haihitaji oili ipite, inahitaji presha ifike tu, mle ndani oili imesimama. Tundu likiwa dogo hata hosi ikikatika oili inatoka kidogo kidogo unapata muda wa kuzima, na mshale nao unatulia haurukiruki.

AmpeaSita
Mimi niko upande wa umeme na nina sababu. Oili inabaki huko chini, kinachopanda kwenye usukani ni waya. Hakuna bomba la oili ya moto karibu na mapaja yako. Ila kuna mambo matatu ambayo watu wanayakosea halafu wanasema geji za umeme ni mbovu.

La kwanza, geji na sensa lazima ziwe za familia moja. Sensa za mtindo wa VDO (kampuni ya Kijerumani) zinaanza kama om 10 (om ni kipimo cha ukinzani wa umeme) presha ikiwa sifuri zinapanda mpaka 180 na kitu presha ikijaa. Za Kimarekani zimegeuzwa, 240 ni sifuri na 33 ndio imejaa. Ukichanganya mshale unakwenda kinyume. Na hapa kuna jambo la hatari ambalo sijaona mtu akilisema: kwenye mtindo wa VDO waya wa sensa ukikatika mshale unaruka mpaka mwisho wa juu, unaonekana una presha ya kumwaga wakati huna taarifa yoyote. Kwenye wa Kimarekani ukikatika mshale unalala sifuri, unashtuka unasimama. Kwa hiyo ukifunga VDO jifunze kwamba mshale uliogota juu ni mbaya sawa na uliogota chini.

La pili ni athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Sensa ya waya mmoja inapata athi kupitia thredi zake, ukiivisha tepu nyeupe ya mabomba tabaka tano umeme unapita kwa kubahatisha na geji inasoma uongo. Na ukifuata ushauri wa DadaSpana wa kuiweka kwenye fremu, na ufuate tu maana sensa za VDO ni kopo zito, basi vuta waya wa athi kutoka kwenye mwili wa sensa mpaka kwenye injini, usitegemee rangi ya fremu.

La tatu volti. CB750 ni 12, huna shida. Wenye pikipiki za 6 hizi geji nyingi haziwahusu.

RolaBeringi
Naomba niwaokoe wengine wanaosoma hapa wenye injini tofauti. Nina Suzuki GS1000. Kranki yake inakaa kwenye rola beringi sio metali, sawa na Kawasaki Z1, na rola hazihitaji presha, zinahitaji kulowa tu. Kitabu cha fundi cha hizi Suzuki kinaongelea presha inayoanzia kilo 0.1 kwa sentimita mraba (karibu bar 0.1) kwenye mizunguko 3000, oili ikiwa nyuzi 60. Mimi kwa kutojua nilinunua geji ya bar 10, nikaifunga, mshale haukunyanyuka, nikapaki pikipiki wiki nzima nikijua pampu imekufa. Pampu ilikuwa nzima, geji ndio haikuwa ya injini hiyo. Mwenye injini ya rola bora ufunge geji ya joto la oili, itakwambia mengi zaidi, hasa kwenye injini ya kupozwa na hewa.

MgeniBarabarani
Samahani wakuu kuingilia, nina Yamaha RX100, nayo nifungie wapi?

MzeeKabureta
Hiyo ni tu stroku mdogo wangu, oili inaungua pamoja na petroli, ndani hakuna presha ya oili ya kupima. Wewe linda oili ya kwenye tangi lake isikauke na kebo ya pampu iwe imeseti, imetosha.

DadaSpana
Nimesahau la thredi na ndilo linaloua injini za watu. Honda na Wajapani wengi wa enzi hizo tundu la swichi ni moja ya nane BSPT (thredi za koni za Kiingereza), thredi 28 kwa inchi. Geji nyingi sokoni zinakuja na moja ya nane NPT (za Kimarekani), thredi 27. Kwa macho ni mapacha. Ukiingiza NPT kwenye tundu la BSPT inaingia mizunguko miwili mitatu vizuri tu, unafikiri imebana kwa sababu thredi hizi zina umbo la koni, unaongeza spana, na kumbe unatafuna aluminiamu au unapasua sikio la injini. Hata ikiwa thredi sahihi, koni inapanua tundu kila unapobana, kwa hiyo mkono uwe mwepesi. Gundi ya thredi ya maji kidogo, na thredi mbili za mbele uziache bila gundi. Niliwahi kufungua swichi ya mtu nikakuta kipande cha tepu nyeupe kinaning'inia ndani ya tundu, kirefu kama kucha, kingekatika kingeenda kuziba njia ya oili ya kemshafti.

ThrotoTaratibu
Nimerudi na majibu. Nilinusa oili, haina petroli. Nikaazima geji ya gereji kama Mzee alivyosema, adapta ya BSPT, nikatembea karibu saa nzima jua kali hafu nikasoma ikiwa bado ya moto: sailensa ya mizunguko 1000 bar 0.8, mizunguko 3000 ikapanda bar 3.6. Nikarudisha swichi ya zamani kwenye tii ya geji ya majaribio nikashusha presha pole pole, taa ikawaka kwenye 0.8 hiyohiyo. Yaani swichi ndio inalia mapema, injini iko salama. Nimelala usingizi jana.

MzeeKabureta
Safi sana. Mafundi wa zamani wana kipimo chao cha haraka, psi 10 kwa kila mizunguko elfu, ambayo ni kama bar 0.7. Kwa 3000 unatakiwa uwe na 2.1, wewe una 3.6. Badilisha swichi uendelee na safari. Ziandike hizo namba na uzito wa oili uliyoweka, 20W-50 au ipi, maana ukija kupima mwakani kwa oili nyepesi utaona zimeshuka utapaniki bure.

ThrotoTaratibu
Ni 20W-50. Swichi mpya naweka, ila na geji nafunga, nimeshaonja kuona namba siwezi kurudi kwenye taa peke yake. Nimeamua ya umeme: adapta ya chuma kwenye injini, hosi ya teflon yenye wavu, bloku ndogo ya kugawia presha yenye matundu mawili naifunga kwenye fremu chini ya tangi la oili, sensa huku swichi ya taa huku, waya wa athi wa kila kimoja unarudi kwenye injini. AmpeaSita, waya wa geji niuchukue kwenye waya wa taa ya breki au kwenye swichi ya ufunguo?

AmpeaSita
Swichi ya ufunguo, na fyuzi yake ndogo peke yake. Ukichukua kwenye taa ya breki kila ukikanyaga breki volti inashuka na mshale unacheza. Na huo waya wa sensa upitishe ndani ya soksi ya mpira mpaka juu, pale shingo ya usukani uache ulegevu, geuza usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho uone hauvutiki ndipo ubane tai.

DadaSpana
Na hosi uifunge kabla ya kujaza oili, ukiwasha mara ya kwanza legeza nati ya juu kidogo hewa itoke mpaka uone oili inachomoza, ndio ubane. Usipotoa hewa mshale unakuja kwa uvivu. Weka picha ukimaliza.