Kibodi ya laptopu ya vipande imegoma ghafla, ya nje inaandika. Ninunue kipande kipya?

MwalimuChumbageni

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wenu, na naomba mnivumilie kwenye maandishi. Natumia kibodi ya USB niliyoazima ofisi ya shule, na kitufe cha ile alama ya juu, ya kuandikia ngombe, kimekufa. Mkikuta "ngaa" na "ngoa" bila alama, mjue nakusudia nini.

Laptopu yangu ni zile za vipande. Kibodi haikufungwa kwa skrubu. Unatelezesha tachipadi inatoka, halafu kibodi yenyewe unaingoa kwa vidole, na chini yake kuna bamba lenye pini ndogo ndogo zinazogusana na mgongo wa kibodi. Kaka yangu aliye Uholanzi aliniletea mwaka jana ikiwa imetumika kidogo. Kampuni siitaji, maana sijui kama kosa ni lao au ni langu.

Jumatatu asubuhi nimeiwasha, haiandiki hata herufi moja. Taa za chini ya vitufe zinangaa kama sekunde moja mashine ikiwaka, kisha zinazima. Tachipadi inafanya kazi na hii ya kuazima inaandika. Jumapili nilikuwa nimeingoa kibodi nikafuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Usiku huohuo Windows nayo ikajisasisha. Sasa nishike lipi?

Nina mtihani wa Kiswahili wa Kidato cha Pili, lazima uwe umechapwa kabla ya Ijumaa. Kipande kipya hapa Tanga hakuna, ni kuagiza nje, kusubiri na kulipia ushuru. Ninunue, au bado kuna la kufanya?

Kijana_Sahare

Shikamoo mwalimu, pole sana. Kwa ninavyoona hiyo kibodi imekwisha. Unyevu umeingia, agiza mpya tu. Si ndiyo faida ya mashine za vipande, unabadilisha kilichokufa unaendelea na kazi?

Nyamizi wa Tabora

Mwalimu, kabla ya yote, shikilia Shift ya kulia sekunde nane. Windows ina kitu cha kuchuja mibonyezo kwa ajili ya watu wenye mikono inayotetemeka, na huwashwa hivyohivyo kwa kushikilia Shift hiyo. Kikiwaka, kitufe ukikigusa haraka hakiitiki, mtu anadhani kibodi imekufa. Mimi iliwahi kunipotezea siku nzima.

FundiGerezani

Nyamizi, hoja yako ni nzuri ila hapa haiingii. Ule mchujo unazikamata kibodi zote zilizochomekwa. Ingekuwa huo, hata ya kuazima ingegoma.

Kijana, mwalimu akiagiza kipande leo, kikafika baada ya wiki kadhaa akakuta nacho hakiandiki, utamwambia nini? Mashine ya vipande faida yake ya kwanza ni kwamba unaweza kukihamisha kipande ukajua ugonjwa uko wapi, bila kutoa hata senti. Kununua ni baadaye.

Mwalimu, kwanza tuiondoe Windows kwenye kesi. Zima, washa, ingia Bayosi, ile menyu ya mipangilio ya mashine yenyewe, kwa kutumia hiyo ya kuazima (mashine nyingi ni F2 au Delete). Ukiwa mle ndani, jaribu mishale ya kibodi ya laptopu. Mle Windows bado haijaamka. Kama mishale haisogei hata mle, sasisho la Jumapili halina kosa.

Pili, na hapa ndipo penye jibu: je, kibodi yako inaweza kukaa sehemu zaidi ya moja? Kuna zinazokaa katikati na vipande vya kujazia pembeni, lakini zinakubali kusogezwa kushoto au kulia mtu akitaka kuongeza kipande cha namba. Kama yako ni hiyo, kila mahali pana kundi lake la pini kwenye bamba. Zima mashine kabisa, chomoa chaji, isogeze kushoto, vipande vya kujazia viende kulia, rudisha tachipadi, washa. Hakikisha kila pengo limejazwa, kuna mashine zinakataa kuwaka zikiona pengo.

Ikiandika kushoto, kibodi ni nzima na mgonjwa ni pini za katikati. Isipoandika popote, hapo ndipo tumshuku kibodi yenyewe.

Mzee_wa_Saketi

Naongezea kwenye hizo taa. Ndani ya kibodi za aina hii kuna kompyuta ndogo inayoongea na mashine kwa USB, sawa na kibodi ya nje, tofauti ni kwamba badala ya waya kuna pini. USB ya kawaida ina njia nne: umeme, ardhi na mbili za data. Taa zikiwaka kisha zikazima, yaelekea umeme unafika ila mazungumzo hayaanzi. Ningetazama njia za data kwanza. Siapi, lakini nimeliona hilo mara nyingi.

MwalimuChumbageni

Wakuu, nimerudi. Bayosi: mishale ya laptopu haisogei, ya kuazima inasogea.

Nikaisogeza kushoto kama alivyoelekeza fundi. IMEANDIKA! Nimeandika jina langu mara tatu, machozi yakanilengalenga. Nikairudisha katikati, kimya. Kushoto tena, inaandika. Tatizo ni kuchapa nikiwa nimepinda mikono kushoto, bega linauma baada ya ukurasa mmoja.

Sasa hizo pini za katikati nazifanyaje?

FundiGerezani

Safi sana mwalimu, umeshaokoa pesa ya kipande. Sasa fungua kamera ya simu, vuta karibu, mulika bamba kwa tochi kutoka ubavuni, usimulike kutoka juu. Kila pini ina springi ndani, zote zinatakiwa kusimama kimo kimoja. Tafuta iliyozama au iliyopinda.

MwalimuChumbageni

Nimeiona. Ziko nane kwa mstari. Saba vichwa vyake vinangaa rangi ya dhahabu na viko sawasawa. Ya tatu kutoka kushoto imezama, inaonekana kichwa tu kama mbegu ya ufuta, na pembeni yake kuna utando wa kahawia. Nimekumbuka: mwezi uliopita chai ya maziwa ilimwagika mezani, nikadhani haikufika ndani. Jumapili nilipopitisha kitambaa chenye unyevu nadhani nililainisha ile sukari, ikaingia kwenye springi ikagandia humo.

Kijana_Sahare

Mwalimu, hapo pitisha msasa laini au ncha ya kisu, ukwangue mpaka ing'ae. Ukipuliza na mafuta ya kulegezea nati itapanda yenyewe.

BiMkunguni_Mombasa

Tafadhali mwanangu, usimwambie hivyo. Mie ni wa Mombasa, hewa ya chumvi naijua. Hizo pini zimepakwa dhahabu kiasi kidogo mno, na ndiyo inayozuia kutu. Ukikwangua umeitoa, na kwa upepo wa Tanga hazitakaa. Mafuta nayo hukamata vumbi, baada ya wiki umepata tope. Hata kifutio cha penseli sikipendi hapo, huacha unga unaoingia kwenye springi. Marehemu mume wangu alikuwa fundi redio, akitumia spiriti safi na brashi tu.

FundiGerezani

Bi Mkunguni kamaliza. Kifutio mimi hutumia kwenye mgongo wa kibodi, palipo bapa, ila kwenye pini za springi hapana.

Mwalimu, pata spiriti iitwayo aisopropili, ya asilimia 99, mafundi wa simu hapo Tanga wanayo. Spiriti ya duka la dawa usiitumie, nyingine zimechanganywa na mafuta na maji mengi. Kama unaweza kuifikia betri, itenganishe. Kama huwezi, mpelekee fundi simu afanye mbele yako. Lowesha ncha ya mswaki laini mpya, tone moja, upige kwa upole juu ya pini, usisugue kwa ubavu maana itapinda. Subiri dakika mbili sukari ilainike, kisha ibonyeze kwa kijiti cha meno cha mbao na uiachie. Rudia. Sukari huyeyuka zaidi kwa maji kuliko kwa spiriti, kwa hiyo ikikataa, weka tone moja la maji yaliyosafishwa, yale ya betri ya gari yasiyo na asidi, halafu spiriti juu yake kuyafukuza. Iache ikauke saa nzima kabla ya kuwasha.

MwalimuChumbageni

Nimemaliza kwa fundi simu wa barabara ya kumi na mbili, tumefanya pamoja, betri tumeitoa. Spiriti peke yake ilikataa mara nne. Kwa tone la maji, mara ya pili kubonyeza, pini ikapanda nusu. Mara ya tano ikasimama sawa na wenzake, nikasikia kabisa springi imefanya "tk" chini ya kijiti. Tukaongeza spiriti, tukaacha saa moja na nusu.

Kibodi iko katikati na ninaandikia hiyohiyo. Ng'ombe. Ng'ambo. Kung'oa. Taa zinang'aa na hazizimi. Kipande siagizi, na mtihani nauchapa usiku huu, kurasa sita.

Fundi, nikiiona inazama tena nifanyeje?

FundiGerezani

Ikizama tena ndani ya mwezi, springi imechoka. Hapo agiza bamba, usiagize kibodi. Kwa sasa piga picha ya hizo pini nane, uitunze, uwe unalinganisha kila ukifungua.