Mjadala: Chuo cha uuguzi kipewe ithibati kwa majengo au kwa vitanda?

Wakuu, juzi kwenye daladala ya Igoma mzee mmoja alisema wauguzi wa digrii wanajua vitabu tu. Nilishuka Buzuruga nimekasirika, ila tatizo analolisema lipo. Lawama tu ndiyo anaitupa pasipostahili.

Mimi ni muuguzi, nasimamia wanafunzi wodi ya wazazi hapa Mwanza. Wiki iliyopita mama mmoja mwenye uchungu alizungukwa na wanafunzi tisa wa vyuo vitatu. Aliyeshika mtoto ni mmoja. Wawili waliona. Waliobaki waliona migongo ya wenzao. Jioni wote tisa wakaniletea madaftari nisaini kwamba wamezalisha! Nikasaini moja. Kesho yake chuo kikanipigia simu: kwa nini nawakwamisha watoto?

Digrii ni ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), cheti na diploma ni NACTVET (baraza la taifa la elimu ya ufundi), usajili na leseni ni Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kila chombo kina faili lake, wodi ni ile ile. Hoja yangu: hospitali ihesabu vitanda vyake, itangaze kila zamu inabeba wanafunzi wangapi, na chuo kisidahili zaidi ya nafasi zake pale. Maktaba na maprojekta vikaguliwe baadaye.

Mvuvi wa Igombe: Dada, mtihani wa leseni si upo? Asiyejua atanaswa huko. Ukibana udahili, zahanati za Ukerewe atakwenda nani? Huko muuguzi mmoja anabeba kazi ya watatu.

Mleta mada: Kaka, mtihani unakuja baba ameshauza ng'ombe. Binti akifeli, chuo kimeshakula ada. Na huko visiwani ndiko ninakohofia zaidi. Hapa mjini akikwama anamwita mwenzake wa wodi ya jirani. Kule, damu ikimtoka mama usiku, atamwita nani? Kivuko?

Mzawa wa Pasiansi: Kila chuo kiwe na hospitali yake basi, kama chuo kikuu cha afya cha CUHAS na hospitali ya Bugando walivyokaa kilima kimoja.

Mleta mada: Ni sawa, lakini hospitali haijengwi kwa mwaka mmoja. Kuhesabu vitanda tunaweza kuanza kesho.

Mwaka wa tatu: Shikamoo sista. Mimi ni wa wale wa nyuma ya migongo, chuo sitaji. Kanula, ule mrija wa kuingiza dripu mshipani, nimeingiza mara mbili, zote kwenye mkono wa plastiki wa mazoezi. Daftari langu limejaa saini.