LC 80 inavuma chini kuanzia spidi 80: tairi, kros au propela ya mbele? Tulinganishe

Mkonge80: Habari za jioni wadau. Nna Land Cruiser 80 ya dizeli, full taimu (tairi zote nne zinavuta muda wote) yenye senta loki (inayofunga mbele na nyuma zizunguke pamoja). Imenyanyuliwa inchi mbili, springi na shokapu mpya, alafu zikawekwa bushi za kurudisha kasta (ule mlalo wa eksol ya mbele unaoituliza stelingi) maana stelingi ilikua nyepesi inatangatanga. Sasa nikitoka Muheza kuja mjini Tanga, ikigusa 80 inaanza kuvuma. Stelingi imetulia kabisa, mvumo uko miguuni kwenye sakafu na kioo cha kati kinatetemeka mpaka gari la nyuma hulioni vizuri, ikipita 100 unapungua, nikiachia mafuta sauti inabadilika. Nimeambiwa vitu vitatu na watu watatu: nifanye balansi ya tairi, nibadili kros (viungo vya msalaba kwenye ncha za propela) zote nne, ama ninunue propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) ya mbele used ya Japani. Nianze na ipi?

Dereva_Pangani: Anza balansi kaka, ndo rahisi kuliko zote. Barabara zetu hizi rimu inapinda bila wewe kujua. Kama hutaki kulipia kitu hamisha tairi za mbele ziende nyuma, mtikisiko ukihama nao umeshajua ni tairi.

Chumbageni_4x4: Kuhamisha tairi sawa, haina gharama, ila kwa dalili alizotaja mi tairi naiweka mwisho. Tupige hesabu kidogo. Tairi ya 275/70R16 mzunguko wake ni kama mita 2.5, kwaio kwa spidi 80 inazunguka mara 9 hivi kwa sekunde. Propela inazunguka zaidi kwa uwiano wa difu, tuseme difu ni 4.1 (tairi ikizunguka mara moja propela inazunguka mara 4.1), hapo propela inaenda mara 37 kwa sekunde. Kitu cha mara 9 unakihisi kama gari linatikiswa na mara nyingi stelingi ndo inakwambia, kitu cha mara 37 kinakua mvumo na kioo kutetemeka. Alafu kros ikikaa kwenye pembe haizungushi shafti kwa mwendo ulio sawa, inaharakisha na kupunguza mara mbili kila mzunguko, ile kros ya pili kazi yake ni kufuta hilo kosa na inaweza tu kama pembe zimelingana. Mwenzetu kanyanyua gari na kazungusha eksol kwa bushi za kasta, pembe za juu na za chini zimeshaachana. Mi nashuku hapo.

BintiMuheza: Sisi wa pikapu 79 hili tunalipima kirahisi sana manake tuna habu za kufunga kwa mkono, zile za kuunganisha tairi za mbele na eksol. Ukiwa H2 (zinavuta tairi za nyuma tu) na habu umefungua propela ya mbele haizungushwi, ukifunga habu ukabaki hapohapo H2 matairi yanaizungusha lakini haivuti kitu, kwaio unaweza kuipima kwenye lami bila kubana transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma). Mvumo ukija na habu ukaondoka na habu, umeshamjua mwizi. Mi nabeba machungwa na gari likivuma hivyo silipeleki popote kabla sijafanya hiki kipimo. Tatizo 80 yako ya full taimu propela ya mbele inazunguka muda wote, habu za kufungua huna.

FundiBaraYa12: Dada kaeleza vizuri. Kwa full taimu habu yako ni spana namba 14. Mkonge80 sikiliza, usinunue chochote, wala kros wala propela, mpaka uishushe propela ya mbele na ukaendeshe gari bila hiyo. Kazi yenyewe nusu saa. Weka mawe matairi ya nyuma, piga alama ya rangi kwenye flenji za pande zote mbili na kwenye ile sehemu inayoteleza ili irudi vilevile ilivyokua, maana ukiikosea jino moja unatengeneza mtetemo mpya ambao hukua nao. Usiibahatishe kwa macho ati mikono ya kros ilingane, ifuate alama. Fungua bolti nne za difu na nne za transfa, toa shafti nzima. ALAFU FUNGA SENTA LOKI. Usipofunga gari haliendi, nguvu yote inakimbilia upande ule mtupu, na hata P haitalishika, kwenye mteremko linaondoka lenyewe. Ukishafunga unaendesha kwa tairi za nyuma tu, lami haina shida kwasababu mbele hakuna kilichounganishwa. Nenda mpaka 100 kwenye kipande kilekile ulichozoea. Mvumo ukibaki, rudi nyuma: propela ya nyuma, tairi, maunti za gia boksi.

Dereva_Pangani: Fundi na kama anabadili tu kros nne akamaliza? Si vitu vya bei kubwa.

FundiBaraYa12: Kros ya GMB au Koyo halisi sio ghali, ila feki zimejaa na kufunga vibaya kunaharibu masikio ya shafti. Nimeona watu wanagonga kwa nyundo mpaka sindano moja ya beringi ya kros inalala chini ya kikombe, kros mpya inatoka gereji inakamata. Kwanini ufungue nzima tatu wakati mbovu ni moja?

Mkonge80: Narudi na majibu. Tairi nimehamisha, hakuna kilichobadilika. Leo asubuhi tumeshusha propela ya mbele, loki imefungwa, taa imewaka, nimeenda nayo njia ya Mabokweni. Kimya! 80, 90, 100, kioo kimetulia naona mpaka namba ya gari la nyuma. Kwaio ni ya mbele. Nimeibana kwenye vaisi nikazichezesha kros kwa mkono. Ya difu inapinda laini pande zote. Ya upande wa transfa ukiipinda inapita vizuri alafu ikifika katikati inakamata, kama kuna kijishimo inatumbukia, na kwenye vikombe viwili kumetoka vumbi jekundu la kutu, kavu kabisa. Sasa used ama kros?

Chumbageni_4x4: Hicho kijishimo ni sindano zimechimba kwenye mkono wa kros. Inakua pembe moja miaka nenda rudi bila grisi, na wewe ukishanyanyua gari pembe imehama, sindano hazikai tena kwenye njia yao ya zamani.

BintiMuheza: Used siitaki mimi, unanunua kros za mtu mwingine ambazo hujui zimekula grisi lini.

FundiBaraYa12: Naungana na dada, isipokua kama splaini (yale meno ya sehemu inayoteleza) imekufa. Ishike sehemu inayoteleza uisukume juu na chini, kama inacheza kwa macho unaiona basi kros mpya haitakusaidia, hapo ndo used au kuchongesha na kupiga balansi inapata maana. Kama imebana safi, weka kros moja ya transfa, ikandamize kwa vaisi sio nyundo, hakikisha kila seklipu (pete inayozuia kikombe kisitoke) imekaa kwenye mfereji wake, alafu piga grisi mpaka ichomoze vikombe vyote vinne. Ile niple ya kwenye splaini pampu kidogo tu! Watu wanaijaza shafti ikiwa imenyooka, grisi inakosa pa kwenda, gari likishuka kwenye shimo shafti haiwezi kufupika inasukuma beringi za transfa na za pinioni ya difu.

Mkonge80: Splaini imebana, haichezi. Naagiza kros moja. Na hizi bushi za kasta nizitoe?

Chumbageni_4x4: Bado. Funga kros kwanza, rudisha kwa alama, nenda tena Mabokweni. Ukikuta mvumo wa zamani umekwisha ila umebaki mwingine mwembamba wa haraka, unaokuja ukikanyaga mafuta na kupotea ukiachia, hapo ni pembe, na ndo tutaanza kuongelea bushi au shafti ya kros mbili upande wa transfa. Inchi mbili gari nyingi zinavumilia.