Dibaga yangu isome vipi faili la programu iliyokwisha kuanguka?

Swali: fundi_msimbo

Ndugu wanajukwaa, nimeandika dibaga ndogo ya Linux (zana ya kutafuta hitilafu katika programu) ambayo hushika programu ikiwa hai kwa kutumia ptrace, yaani mwito wa mfumo unaoiwezesha programu moja kuichunguza nyingine. Sasa nataka ifungue pia lile faili ambalo kerneli (kiini cha mfumo) huliacha programu inapoanguka, lenye nakala ya kumbukumbu na rejista zake (hifadhi ndogo za ndani ya prosesa). Kichwa cha ELF (muundo wa mafaili ya aina hii) nakisoma, aina yake ni 4 kama inavyotakiwa, na thamani zilizo kwenye staki ni sahihi. Lakini nikiomba maagizo ya mashine ya pale ajali ilipotokea, napata `add %al,(%rax)` mstari baada ya mstari, jambo ambalo haliwezekani. Nimekosea wapi? Na je, kazi hii niichanganye na msimbo wa ptrace au niitenge?

mlinzi_wa_staki

Ndugu, unachokiona ni sifuri tupu, kwa sababu kwenye x86-64 baiti mbili za 00 husomeka kuwa agizo hilohilo. Linganisha p_filesz (ukubwa uliomo kwenye faili) na p_memsz (ukubwa uliokuwa kwenye kumbukumbu) katika kila sehemu ya PT_LOAD, yaani kila kipande cha kumbukumbu ya programu, nawe utakuta kwamba sehemu ya msimbo ina p_filesz ya 0. Kerneli, ikiwa coredump_filter (mpangilio unaochagua kumbukumbu ipi ihifadhiwe) imeachwa kwenye 0x33 ya kawaida, haihifadhi kurasa za faili ambazo hazikubadilishwa, kwa kuwa asili yake iko kwenye diski. Soma noti (rekodi ya maelezo iliyomo kwenye faili la ajali) ya NT_FILE, ambayo hutaja kila faili na anwani lilipopachikwa, kisha uchukue baiti kutoka kwenye faili lililotajwa, baada ya kuhakikisha kwamba kitambulisho cha ujenzi (build ID) cha faili hilo kinalingana na kile kilichomo kwenye kumbukumbu iliyohifadhiwa. Maktaba ikiwa imesasishwa baada ya ajali, utaoneshwa msimbo wa toleo jingine.

Nakusihi sana usijaze sifuri mahali pasipo na data. Anayetafuta hitilafu akioneshwa kielekezi chenye 0, ataamini kuwa ndicho chanzo cha ajali, na anaweza kupoteza siku nzima. Mwambie wazi kwamba anwani hiyo haipatikani.

bi_rejista

Naunga mkono, na kuhusu swali la pili nakushauri utenge chanzo cha data peke yake: kusoma kumbukumbu, kusoma rejista na kuorodhesha nyuzi (threads) za programu. Ptrace iwe chanzo kimoja na faili liwe kingine, ili sehemu inayofuatilia staki isihitaji kujua inahudumiwa na kipi. Amri za kuendelea au kupiga hatua zikataliwe mara moja, kwa maana mchakato huo umekwisha kufa. Kila uzi una noti yake ya NT_PRSTATUS, yenye hali na rejista zake, na ya kwanza ni ya uzi ulioangusha programu. Kwenye x86-64 noti hiyo ina baiti 336, na rejista zinaanza kwenye baiti ya 112. Mpangilio huu utakufaa hata ukitaka kusoma minidampu (mafaili ya ajali) za Windows, zinazoanza kwa herufi MDMP.

fundi_msimbo

Nawashukuru sana. Baada ya kufuata NT_FILE, maagizo halisi yameonekana, na ajali yenyewe ilikuwa `mov (%rdi),%rax` huku rdi ikielekeza kwenye kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa. Sasa naandika upya sehemu ya kusoma ili irudishe idadi ya baiti zilizopatikana kweli.