Bweni la Cambridge au kutwa ya IB: kijana wa miaka 14 anayependa fizikia apelekwe wapi?

BabaMkwe_Mtarajiwa

Habari za humu wakuu. Kijana wangu ana miaka 14, amekubaliwa katika shule mbili za binafsi. Moja ni ya bweni, kubwa, ya wavulana watupu, inafundisha mtaala wa Kiingereza wa Cambridge: IGCSE (mitihani ya karibu miaka 16), kisha A Level (miaka miwili kabla ya chuo). Nyingine ni ya kutwa, mchanganyiko, ndogo, na miaka miwili ya mwisho wanafanya Diploma ya IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa). Kijana ni hodari wa hesabu na fizikia, anataka uhandisi. Kuandika insha kunamchosha, na ni mtu wa kimya. Ya bweni inasifika kwa matokeo, ya kutwa kwa malezi. Mama yake anataka ya kutwa. Mimi nimekwama. Nizipime kwa vigezo gani?

Mwalimu_Maabara

Mkuu, weka sifa pembeni kwanza, angalia kila mtaala utampimaje.

A Level anachukua masomo 3, pengine 4. Akimaliza IGCSE anaweza kubaki na hesabu, fizikia na kemia, insha akaagana nazo. IB ni masomo 6: lugha mbili, somo moja la jamii, sayansi, hesabu, na la sita liwe sanaa au sayansi ya pili. Kwa kawaida 3 ni ngazi ya juu na 3 ngazi ya kawaida. Kuna pia insha ya utafiti ya hadi maneno 4,000, nadharia ya maarifa, na shughuli za ubunifu, michezo na huduma kwa jamii kwa miezi 18 au zaidi. Alama ya juu ni 45, ya kufaulu 24. Ila akipata E, daraja la chini kabisa, kwenye insha ile ya utafiti, hana diploma hata kama masomo yamempa 35.

Pili, maabara, na hapa wazazi wengi hawaulizi. Fizikia ya IGCSE ina njia mbili za kupima vitendo: Karatasi ya 5, ambayo mwanafunzi anashika vifaa kweli, au Karatasi ya 6, ambayo anajibu kwa kalamu tu. Uliza shule ya bweni inasajili ipi. Karatasi ya 6 si kosa, ina uzito uleule. Tatizo ni shule inayoitumia kama sababu ya kutofungua maabara. Huyo kijana akifika A Level atakutana na Karatasi ya 3: saa 2, vifaa mezani, apime, achore grafu, aeleze makosa ya vipimo. Asiyewahi kuunganisha saketi anapoteza nusu saa kutafuta kwa nini ammita haisomi. Omba kuona madaftari ya vitendo ya kidato kilichopo, siyo maabara yenyewe. Maabara hupigwa deki siku ya wageni, daftari halidanganyi.

Mshauri_Taaluma

Nakubaliana na Mwalimu kuhusu maabara, ila kwenye insha naona amemtisha mzee bure. Ile insha ya maneno 4,000 inaweza kuandikwa kwenye fizikia au hesabu. Na kijana wa miaka 14 anayechoka kuandika apimwe kwanza: ni uvivu, ni mwandiko, au ana tatizo la kusoma na kuandika? Likithibitishwa na mtaalamu, Cambridge na IB wote wana utaratibu wa muda wa ziada kwenye mtihani, ila shule ndiyo inaomba, na inaomba mapema. Uliza kila shule nani anashughulikia maombi hayo. Wakibabaika, umeshapata jibu.

Kuhusu IB na uhandisi, swali ni moja: je, shule hiyo ndogo hufungua darasa la hesabu ya AA ngazi ya juu kila mwaka, hata wakijitokeza wanafunzi wanne? IB ina hesabu za aina mbili, AA (Analysis and Approaches, ya nadharia zaidi) na AI (Applications and Interpretation, ya matumizi zaidi), na vitivo vingi vya uhandisi vinataka AA ya ngazi ya juu. Shule ndogo huwa na mwalimu mmoja tu anayeiweza. Akiondoka katikati ya kozi, watoto wanashushwa ngazi ya kawaida na mlango wa uhandisi unaanza kufungwa. Vilevile omba ratiba ya mwaka huu, usikubali orodha ya masomo: fizikia na kemia zikiwa kipindi kimoja, hawezi kuchukua zote mbili, hata kama kijarida kinasema zipo.

Sasa hayo matokeo ya bweni. Usiulize asilimia ya A. Uliza walioanza kozi ya miaka miwili walikuwa wangapi, na waliofanya mtihani kwa jina la shule wangapi. Kuna shule zinawaambia wanafunzi dhaifu wahame au wajisajili kama watahiniwa binafsi, halafu asilimia inang'aa. Uliza pia wangapi wamesajiliwa njia ya Core, ile nyepesi, kwenye IGCSE, kwa sababu huko mwanafunzi hata akipata kila kitu sawa havuki C.

Mlezi_wa_Bweni

Mzee, mtoto wa kimya bwenini hapotei kwa sababu ni bweni. Anapotea pale mlezi mmoja anapolala na wavulana 80. Nenda baada ya masomo, saa za maandalio ya jioni, siyo asubuhi. Angalia kama kuna mwalimu ndani au kiranja peke yake, na vyumba vya wadogo vinalindwa na nani baada ya taa kuzimwa. Muulize mlezi akueleze jinsi mtoto anavyoripoti kuonewa: kwa nani, na nani mwingine kama huyo ndiye mwonevu.

Ya kutwa nayo ipigie hesabu ya saa za njiani. Saa moja na nusu kwenda na vilevile kurudi ni saa 15 kwa wiki ya siku tano, na usingizi ndio unaoliwa kwanza.

BabaMkwe_Mtarajiwa

Asanteni sana. Je, anaweza kuanza huku akahamia kule?

Mshauri_Taaluma

Anaweza, akishapata matokeo ya IGCSE. Wengi hutoka IGCSE wakaingia IB bila shida. Katikati ya kozi ya miaka miwili usithubutu: mada hazilingani, na kazi za ndani za IB (zinazofanyika na kusahihishwa shuleni) haziwezi kuhamishiwa A Level. Kwa hiyo leo huamui mpaka chuo, unaamua mpaka miaka 16. Kabla ya kulipa, soma kipengele cha kujiondoa: shule nyingi zinadai taarifa ya maandishi muhula mzima kabla, la sivyo unalipa ada ya muhula ambao mtoto hayupo.

Na kijana mwenyewe ashinde siku moja ya kawaida katika kila shule. Jioni msimuulize kama ameipenda, muulizeni wakati wa mapumziko alikaa na nani.